Sura ya Sita: Buchi Anatetemeka

Inspekta Yeshimebet alijikwaa kwenye katambuga za mtu, zile ndala za tairi, mlangoni mwa ghala la kanisa, akatukana kimoyomoyo, kisha akakumbuka yuko wapi, akaomba radhi kimoyomoyo vilevile. Siku ilikuwa imeanza vibaya. Msalaba mkubwa wa fedha wa kanisa la Mikaeli, unaotolewa nje mara moja kwa mwaka, ulikuwa umeibwa usiku, na sikukuu yenyewe ni kesho. Mji mzima wa Workamba ulikuwa umejazana nje ya ua, na mji mzima ulikuwa umeshamjua mwizi.

"Shahidi tunaye, afande," alisema Sajini Bitew, akimfuata ndani kwa mabuti yake mazito. "Ameshasema kila kitu."

"Nani?"

"Huyo hapo."

Sajini alinyoosha kidole pembeni. Mbwa mkubwa wa rangi ya mchanga alikuwa amelala kando ya nguzo, na mwili wake wote ulikuwa ukitetemeka, toka masikio mpaka ncha ya mkia. Jina lake Buchi, jina wanaloitwa watoto wa mbwa, na hakuna aliyekumbuka kumbadilishia alipokua. Mnyororo wake ulikuwa umeviringishwa vitambaa vyeupe vya pamba kutoka shingoni mpaka kwenye nguzo.

"Kasema nini?"

"Tulipomleta Tegegn, yule mhunzi, alipopitishwa tu mbele ya mlango huu, mbwa alitetemeka mpaka akaanguka. Watu wote wameona kwa macho yao. Mbwa hamkosei mtu-fisi."

Yeshi alivuta pumzi, akaihesabia kimya kimya mpaka hasira ikashuka kidogo. Alizaliwa kwenye milima hiyohiyo, hakuhitaji kuelezwa. Anayefua chuma mchana, usiku hugeuka fisi na kula watu kwa macho. Ndivyo alivyoambiwa utotoni, ndivyo Sajini alivyoambiwa, na ndivyo atakavyokuwa ameambiwa hakimu atakayemhukumu Tegegn. Mwaka jana mtoto wa jirani aliumwa homa, paa la karakana ya Tegegn likachomwa moto. Sasa mhunzi alikuwa amefungwa pingu katika nyumba ya kuokea mikate ya ibada, upande wa pili wa ua, akingoja lori la polisi la saa sita. Kati ya mlango ule na lori palikuwa na watu wenye fimbo, na Yeshi hakuwa na askari zaidi ya Sajini, ambaye naye moyoni alikuwa upande wa fimbo.

"Kufuli limevunjwa?"

"Halina hata mkwaruzo. Limefunguliwa. Na aliyelitengeneza kabla ya mvua ni nani? Tegegn!"

"Na ufunguo anao nani?"

"Mlinzi, Ato Chekole. Lakini huyo ndiye mwenye mbwa, afande. Analala naye karibu kuliko mkewe."

Aba Haylu, padri mkuu, aliingia akiburuta viatu vyake vya plastiki. Buchi alishtuka, miguu ikakakamaa, kisha mtetemo ukarudi kwa nguvu zaidi.

"Mwanangu, unamwona?" Aba alisema kwa huzuni. "Tangu alfajiri yuko hivyo. Nimesimama mlangoni mwenyewe tangu shemasi alipopiga kelele, sikumruhusu mtu amguse. Ushahidi hauguswi, si ndivyo mnavyofundishwa?"

"Ndivyo, Aba. Ahsante."

Walau mmoja alikuwa amefanya jambo la maana. Alimwita mlinzi.

Chekole, Ato kwa maana ya Bwana, alikuwa mtu mrefu, mkimya, amejifunika gabi lake, lile shuka nene la pamba, mpaka kidevuni. Aliingia bila kishindo, akasimama mbali na mbwa wake.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kibandani kwangu, getini. Nililala."

"Hukusikia kitu?"

"Sikusikia, afande. Shemasi ndiye aliyeniamsha kwa kelele alfajiri. Tulikuta mlango wazi, Buchi anatetemeka. Nikaondoka mbio kuja kuwaita ninyi."

"Hukuingia?"

"Sikuingia. Nilichungulia tu."

"Mbwa alikula nini jana?"

"Injera na shiro, mchuzi wa dengu. Ilikuwa Ijumaa, afande. Nani anapika nyama Ijumaa?"

Hilo lilikuwa kweli. Siku ya mfungo hakuna sufuria ya nyama mjini Workamba, na bucha hata mlango haufunguliwi. Lakini nyuma ya nguzo Yeshi alikuwa ameona matapishi yaliyokauka, na ndani yake kipande cha utumbo wa kondoo chenye mafuta meupe. Alimwonyesha.

"Mbwa huokota popote," Chekole alijibu.

"Mbwa aliyefungwa mnyororo?"

Mlinzi aliinua mabega. Nje mtu akapaza sauti kwamba mtu-fisi atolewe, wengine wakaitikia, na Buchi akakakamaa tena mpaka meno yakaonekana. Yeshi akaona hajafika popote.

Alivuka ua kwenda kwa Tegegn. Mhunzi alikuwa ameketi juu ya gunia la unga, mikono imefungwa, uso umevimba upande mmoja.

"Nani amekupiga?"

"Niliteleza, afande. Kwenye ngumi ya mtu."

"Uliingia ghalani jana?"

"Mimi? Sijawahi kuingia hata ndani ya ua huu mpaka leo mliponiburuta. Kufuli lenyewe nilipewa juu ya ukuta, nikalirudisha juu ya ukuta. Wanaogopa nitaukanyaga uwanja." Alicheka kidogo, akashika shavu. "Ningekuwa naweza kugeuka fisi, afande, ningekuwa nimekaa hapa na pingu? Si ningekuwa nimekwishatokea dirishani?"

"Mbwa alitetemeka ulipopita."

"Nilimwona. Masikini, nilimhurumia. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Ningeshutumiwa na watu, ningebishana nao. Mbwa nitambishia vipi?"

Swali hilo lilimuudhi Yeshi kuliko uvimbe wa shavu lile. Alirudi ghalani na Sajini, wakaanza kuondoa sababu moja baada ya nyingine.

"Baridi," alisema Sajini. "Usiku huu maji yameganda kwenye ndoo."

Walimfunika Buchi koti la Sajini. Alizidi kutetemeka, ulimi ukining'inia nje kwa joto.

"Fisi wa kweli basi. Wamepita karibu."

Walizunguka ua wote. Hapakuwa na unyayo wa fisi, na hata kama wangepita, jua lilikuwa limepanda. Hofu ya mbwa huondoka pamoja na kilichomtisha.

"Uzee, afande."

"Ana meno ya mbwa kijana, Sajini. Tazama."

"Basi si ndiyo nilichokwambia tangu mwanzo? Imebaki jicho baya."

Yeshi alipanda juu ya ukuta wa mawe, mahali pekee penye mtandao, akampigia Daktari Selam, mganga wa mifugo wa wilaya. Simu ilikatika. Akapiga tena. Daktari alikuwa bondeni akichanja ng'ombe, na ng'ombe wote walikuwa wakilia kwa pamoja.

"Siwezi kufika kabla ya kesho," alipiga kelele Daktari. "Niambie. Mkia uko wapi? Ameuingiza miguuni?"

"Hapana. Umenyooka, unatetemeka nao."

"Masikio kayalaza nyuma? Anatafuta pa kujificha?"

"Hapana."

"Ukimbembeleza anatulia?"

"Anazidi."

"Akisinzia je?"

"Hata akisinzia anatetemeka. Na sauti yoyote, mabuti, kikohozi, inampiga kama fimbo."

Upande wa pili Daktari alimfokea ng'ombe, kisha akarudi simuni.

"Inspekta, sikiliza vizuri. Mbwa mwenye hofu humtazama anayemhofia, hujikunyata, na ukimwondolea kile kitu hutulia. Huyo wako hamwogopi mtu. Huyo amekula sumu. Ziko sumu zinazowasha mishipa yote, mpaka mlango ukigongwa mwili mzima unaruka. Akishtuliwa sana atabanwa pumzi afe."

"Nifanye nini?"

"Giza. Ukimya. Msimguse, msimmwagie maji, msimtie kitu mdomoni. Na maziwa, nakujua, Inspekta, nawajua wote, msimnyweshe maziwa! Atapaliwa. Akivuka mchana bila..."

Simu ikakatika. Yeshi aliruka chini, akakimbia, akafika mlangoni wakati uleule shemasi mmoja akiingia na birika la maji ya baraka na mwingine na bakuli la maziwa.

"Nje!" alinong'ona kwa ukali. "Nje, wote wawili!"

"Ni maji ya Mikaeli, dada..."

"Mikaeli ataelewa."

Alifunga madirisha, akatandaza magunia sakafuni, akamwamuru Sajini avue mabuti. Ndipo ngoma zilipoanza. Waimbaji walikuwa wakijiandaa kwa kesho, ngoma mbili kubwa, hatua chache tu kutoka ukutani. Buchi alipinda mgongo, povu likamtoka.

Alimkuta Aba Haylu chini ya paa la kanisa.

"Aba, nyamazisha ngoma."

"Kwa ajili ya mbwa?" Aba alimtazama kana kwamba amemwomba aifunge mbingu. "Mwanangu, mbwa hata mlango wa kanisa haruhusiwi kuuvuka, nawe unataka anyamazishe sifa?"

"Si mbwa, Aba. Ni mtu. Watu wamemfunga Tegegn kwa neno la mbwa. Mbwa akifa kabla sijajua nani alimpa sumu, Tegegn naye atakufa."

Padri alichungulia jua.

"Mpaka saa sita," alisema hatimaye. "Saa sita ngoma zinarudi."

"Na uje nami. Nataka uone kitu."

Mbele ya Aba, katika giza la ghala, Yeshi alichukua pingu za akiba na kumpa Sajini.

"Simama nyuma ya lile pazia la kanisa lililoanikwa pale. Zitikise kidogo. Kidogo tu."

Chuma kililia mara moja, Buchi akaruka mwili mzima na kuanguka ubavu. Yeshi alimnyang'anya Sajini pingu, roho ikimuuma kwa alichomfanyia mnyama.

"Asubuhi Tegegn alipita hapa na nini mikononi, Aba? Pingu. Mbwa alishtushwa na pingu. La sivyo, basi mtu-fisi wetu ni Sajini Bitew."

"Afande, usinitanie hivyo mbele ya padri," Sajini alinong'ona, akijifanyia ishara ya msalaba.

Aba alitikisa kichwa taratibu. "Mimi nimeelewa. Lakini hao walioko nje? Watasema chuma ni cha ndugu zake. Watasema pingu zimeingiwa na jicho lake. Unaweza kuwaonyesha asiyefanya, mwanangu; wao wanataka kuonyeshwa aliyefanya."

Alikuwa anasema kweli, na Yeshi alitamani kupiga ukuta teke. Kila alichokithibitisha kilikuwa kinateleza kabla hajakishika. Hapo simu yake ikalia kwa mlio wake wote, Buchi akakakamaa, Yeshi akatoka nje mbio akijilaani kwa kutoizima.

Alikuwa mkubwa wake. "Lori limeshatoka," alisema. "Mhunzi apandishwe, uandike ripoti, tule sikukuu kwa amani."

"Mkuu, si yeye."

"Unaye mwingine?"

"Bado."

"Basi ni yeye," akasema mkubwa, akakata.

Yeshi alisimama mlangoni akitazama chini kwa hasira, na akajikuta anazitazama zile katambuga alizojikwaa asubuhi. Bado zilikuwa palepale, zimepangwa vizuri. Za nani? Aba alikuwa na viatu vyake miguuni. Sajini alikuwa na mabuti mpaka alipomwamuru ayavue. Mashemasi waliingia na viatu. Hili ni ghala, si kanisa. Hakuna anayevua viatu kuingia ghalani. Lakini uani mwa kanisa viatu vilivyovuliwa haviulizwi na mtu, na ndiyo maana na yeye alivipita bila kuviuliza.

Aliinua macho. Upande wa pili wa ua Chekole alikuwa ameketi getini, miguu mitupu. Alipoingia asubuhi hakuwa na kishindo. Mbwa hakushtuka, na Yeshi alidhani ni kwa sababu ya mazoea. Wakati ule Daktari hajapigiwa simu, hakuna mtu yeyote pale aliyejua kwamba kelele zinamuumiza Buchi.

Aliingia tena, akachuchumaa mbali kidogo, akautazama mnyororo. Vitambaa vilikuwa vipya, pamba safi, vimefungwa mafundo kwa haraka lakini kwa makini, pete moja isigusane na nyingine.

"Aba," alinong'ona. "Tangu alfajiri hakuna aliyemgusa mbwa?"

"Hakuna. Nimekwambia, nilisimama mwenyewe."

"Na mnyororo ulikuwa hivi?"

"Hivyohivyo."

Alimtuma Sajini, na miguu yake mitupu, amlete mlinzi.

Chekole aliingia kama mara ya kwanza, kimya. Yeshi alimwonyesha mahali pa kukaa, kwenye magunia. Funguo zake zilikuwa ndani ya ngumi, zimebanwa zisigongane.

"Ato Chekole, fungua gabi lako."

"Kuna baridi, afande."

"Fungua."

Pindo la chini lilikuwa limechanwa, limebaki nyuzi zinazoning'inia. Yeshi hakulishika. Alilitazama tu, kisha akautazama mnyororo, naye Chekole akatazama huko huko.

"Uliniambia ulilala mpaka alfajiri. Ukachungulia, ukaondoka mbio. Sasa niambie, mnyororo huu uliuviringisha saa ngapi?"

Chekole alizikaza funguo ngumini.

"Mtu haviringishi mnyororo matambara bila kuona unamfanya nini mbwa. Ulikuwa hapa usiku. Ulimwona akianguka kila pete ilipogonga nguzo. Ukachana nguo yako gizani, ukavua viatu, ukakaa naye. Ulipotoka ukavisahau mlangoni. Kosa lako ni hilo tu, Ato Chekole. Umemhurumia."

"Mbwa wangu," alisema Chekole. "Nani asiyemhurumia mbwa wake?"

"Msalaba uko wapi?"

Nje ya ukuta waimbaji walikuwa wakikaza ngozi za ngoma; ukamba ulisikika ukilia. Sikio la Buchi liliruka.

"Saa sita imekaribia," Yeshi alinong'ona. "Ngoma zinarudi, Aba ameniambia. Lori linaingia hapo getini. Watu watamlilia Tegegn kwa makelele kama ya asubuhi, mara mia. Mimi siwezi kuwanyamazisha. Nimejaribu tangu asubuhi, sikuweza kumnyamazisha hata shemasi mmoja. Daktari amesema akishtuliwa sana atabanwa pumzi. Kitu kimoja tu kitawaondoa watu hao hapa, na wewe ndiye unayejua kilipo."

Chekole alimtazama mbwa. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta, pengine kwa kuogopa funguo zisije zikalia.

"Aliniambia ni dawa ya usingizi," alisema. "Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale, alikuja hapa kupiga picha za kanisa. Buchi angembwekea, hamjui. Akanipa nyama tayari imetiwa dawa, akasema atalala tu. Hakulala, afande. Alipoanza kupiga miguu, yule mtu akakimbia, msalaba akaniachia mikononi. Kasema atakuja kuuchukua kesho, watu wakiwa wengi. Uko kwenye shimo la nafaka, kule mtoni, kwenye kiwanja cha kupuria."

"Na ukamwacha Tegegn afungwe?"

"Sikumtaja mimi. Watu ndio waliomtaja."

"Nawe ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Yeshi alifumba macho. Kesho mnunuzi angekuja mwenyewe mpaka shimoni, mikono yake ingekamatwa juu ya msalaba. Kilichohitajika ni kukaa kimya siku moja. Lakini Tegegn hakuwa na siku moja, alikuwa na lori la saa sita. Aliona mwizi mkubwa akimponyoka, akajua atakavyogombezwa na mkubwa wake, na akajua pia kwamba hana la kuchagua.

"Sajini, kimbia mpaka darajani, lizuie lori lisipande huku. Aba, nenda getini. Waambie msalaba umeonekana, uko wapi. Wapeleke wote mtoni, na ngoma zao."

"Niwaambie nani kauonyesha?"

"Waambie ukweli. Mbwa hakumwogopa mhunzi. Alilishwa sumu."

Alisikiliza nyuma ya mlango. Aba alianza vizuri, lakini hakufika mbali. Aliposema tu kwamba msalaba umeonekana, mtu akapaza sauti kwamba Mikaeli ameuonyesha, na umati ukaondoka na neno hilo, wanawake wakipiga vigelegele, ngoma zikikimbizwa begani. La mhunzi halikusikika kabisa. Vigelegele vilishuka bondeni, vikawa vidogo, vikapotea.

Yeshi alimfunga Chekole mikono kwa kipande cha gabi lake mwenyewe, kwa kuwa pingu zinalia, akamwacha akae karibu na nguzo. Kisha akaenda kumfungulia Tegegn, akazikunja pingu ndani ya mtandio zisilie.

"Nenda nyumbani. Si wewe, imejulikana."

"Imejulikana kwa nani?" Tegegn aliuliza, akisugua mikono.

Yeshi alitazama upande wa mtoni.

"Nataka nimwone shahidi wangu kwanza," alisema mhunzi.

Walivua viatu mlangoni, wakavipanga kando ya katambuga za Chekole. Tegegn aliingia gizani kwa ncha za vidole, akachuchumaa palepale alipoanguka mbwa asubuhi. Buchi aliinua kichwa. Alimtazama mhunzi, akavuta harufu ya moshi na chuma iliyokuwa kwenye nguo zake, akainyoosha shingo, akanusa na mkono uliovimba kwa pingu. Kisha akalaza kidevu juu ya miguu yake na kufumba macho. Mtetemo ulikuwa umebaki kwenye masikio tu.

Tegegn aligeuka taratibu, akatazama mlango uliokuwa wazi.

"Asubuhi mliniletea mji mzima," alinong'ona. "Sasa niitieni japo mmoja."

Yeshi alitazama uani. Hapakuwa na mtu.